Night of the Living Dead: utazame ya 1968 au ya 1990, na kwa nakala ipi?

Ukiandika jina la filamu hii kwenye YouTube unaletewa msururu wa nakala: nyeusi na nyeupe, za rangi, ndefu, fupi, nyingine zimekatwa juu na chini ili zijaze skrini ya kisasa. Zote zimepewa jina lilelile. Hadithi yenyewe ni hii: wafu wanaamka na kula walio hai, na watu saba wanajifungia katika nyumba ya shamba, yaani Ben, Barbra, vijana wapenzi Tom na Judy, na Harry na Helen pamoja na mtoto wao mgonjwa. Kumbe humo mna filamu mbili tofauti, ya 1968 na ya 1990, toleo moja la ile ya 1968 lililobadilishwa mwaka 1999, na nakala kadhaa za ile ya kwanza ambazo zikiwekwa bega kwa bega hutaamini zimetoka kwenye mkanda mmoja. Mtu akiangukia nakala mbovu husema filamu imezeeka vibaya. Nusu ya hukumu hiyo inaihusu nakala.

Nusu ya pili ni kweli. Filamu ya 1968 imechakaa mahali kadhaa ambapo hakuna fundi wa picha atakayeweza kupaponya, na hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kuchagua. Tahadhari moja: miisho ya filamu zote mbili inatajwa hapa chini.

Fedha iliyotumika inaonekana wapi

George A. Romero na wenzake wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, walikuwa wakitengeneza matangazo ya biashara kupitia kampuni yao ya The Latent Image. Kwa ajili ya filamu hii waliunda kampuni nyingine, Image Ten, ambayo wanahisa wake wa mwanzo walichanga dola 600 kila mmoja. Hadi kazi kwisha, gharama ilikuwa imefika takriban dola 114,000. Romero aliongoza, akashika kamera, akahariri. Hadithi aliiandika pamoja na John A. Russo. Upigaji picha ulianza Juni 1967 na kumalizika Desemba, karibu na mji mdogo wa Evans City.

Nyumba ya shamba inayoonekana ilikuwa ikisubiri kubomolewa, na ndiyo maana Ben anapigilia misumari kwenye milango na madirisha bila huruma. Chumba cha chini ya nyumba si cha nyumba hiyo; kilipigwa katika orofa ya chini ya ofisi zao mjini. Damu ni shira ya chokoleti, ambayo kwenye mkanda mweusi na mweupe hutoka nzito na nyeusi vizuri. Nyama inayoliwa ni ya bucha. Muziki haukutungwa kwa ajili ya filamu hii: ulichaguliwa kutoka maktaba ya muziki wa akiba ya Capitol, iliyokuwa ikiuziwa watayarishaji wowote, na vipande vyake vingine vilikuwa vimekwisha kusikika katika filamu za bei nafuu za miaka ya 1950.

Ile ya 1990 iligharimu kama dola milioni 4.2. Mwandishi ni Romero mwenyewe, akiifanyia marekebisho hadithi yake, na mwongozaji ni Tom Savini, fundi mashuhuri wa vidonda na damu za sinema. Ina rangi, ina wafanyakazi wa kulipwa, ina vinyago vya mazombi vilivyotengenezwa kwa kuchunguza miili ya watu waliokufa. Kwa ufundi wa maiti pekee, ya 1990 inashinda bila ubishi. Mazombi ya 1968 mengi ni majirani na marafiki waliopakwa unga usoni na kuzungushiwa wanja machoni.

Palipochakaa katika ya 1968

Kuna Barbra kwanza. Dakika za mwanzo anakimbia kutoka makaburini kwa akili kabisa: anajifungia garini, anatoa breki ya mkono gari liteleze mteremkoni kwa kuwa funguo amebaki nazo kaka yake, anatafuta nyumba, anafunga mlango, anachukua kisu. Akishaingia ndani na Ben akafika, mhusika huyu anazimika. Anakaa kwenye sofa akishikashika kitambaa karibu filamu yote iliyobaki, na akipandwa na hofu Ben anamtwanga ngumi akazimia. Kwa mtazamaji wa leo ngumi hiyo inakera, lakini kinachoiumiza filamu zaidi ni kwamba baada ya hapo mwandishi hana kazi ya kumpa. Judy, msichana wa Tom, ameandikwa kwa wepesi zaidi: kazi yake ni kumfuata mpenzi wake mlangoni dakika ya mwisho ili wafe pamoja. Ni Helen peke yake, mke wa Harry, anayezungumza kama mtu mzima, na maneno yake mawili matatu ya kejeli kwa mumewe bado yanachoma.

Muziki wa akiba ni tatizo la pili. Unapanda kwa kishindo pale ambapo picha imekwisha kufanya kazi yake, na mtu aliyezoea ukimya wa filamu za kutisha za sasa atacheka mahali ambapo hakutakiwa kucheka. Sauti za kielektroniki alizoongeza Karl Hardman, yule yule anayeigiza Harry, zimehimili miaka vizuri zaidi. Sikiliza mwangwi wa mayowe katika tukio la mtoto anayemchoma mama yake kwa mwiko wa bustani.

Maelezo ya kisayansi nayo yamepitwa. Viongozi kwenye televisheni wanabishana iwapo mnururisho kutoka chombo cha anga kilichorudi kutoka Zuhura ndio umeamsha wafu. Bahati nzuri hakuna anayethibitisha, na ukiyachukua mabishano hayo kama uvumi wa serikali iliyochanganyikiwa, yanapita.

Damu? Kwa aliyezoea sinema za leo, ni kidogo. Mlo wa mazombi baada ya lori kuungua ni wa dakika chache tu, na ndio upeo wake.

Pasipozeeka

Mgogoro mkuu wa filamu ni wa kiufundi, na unastahili kufuatiliwa kwa makini: wajifungie chini au wabaki juu? Harry anataka chumba cha chini, chenye mlango mmoja wa kuimarisha. Ben anasema kule ni mtego. Juu kuna madirisha mengi ya kuziba lakini kuna pa kutokea. Ben ni shujaa, ni mtulivu, anafanya kazi. Harry ni mkorofi na mwoga. Kila mtazamaji anajiunga na Ben. Kisha mpango wa Ben unaharibika hatua kwa hatua: mwenge unaowaka unawekwa chini karibu na pampu ya petroli, ufunguo waliokuwa nao haufanyi kazi, Ben anavunja kufuli kwa risasi, Tom anamwaga petroli ovyo, lori linashika moto, vijana wawili wanakufa. Usiku mbao za madirishani zinang'oka. Na Ben anaokoka hadi asubuhi mahali gani? Katika chumba cha chini, kile alichokikataa. Filamu haisemi neno lolote juu ya hilo.

Asubuhi kundi la wenyeji wenye bunduki, wakiongozwa na afisa wa usalama wa wilaya, linamwona dirishani na kumpiga risasi ya kichwa wakidhani ni zombi. Duane Jones, aliyemwigiza Ben, alikuwa Mwafrika-Mmarekani, mwalimu na mwigizaji wa jukwaani. Hakuna mhusika anayetaja rangi yake hata mara moja. Inajulikana kuwa Romero na mwenzake walikuwa njiani wakipeleka nakala ya filamu New York usiku wa tarehe 4 Aprili 1968, redio ilipotangaza kuwa Martin Luther King ameuawa. Watu waliokaa kwenye kumbi za sinema mwaka ule hawakuhitaji kuelezwa walichokuwa wakikiona.

Usizime majina ya mwisho yanapoanza kupita. Picha mnato zenye chembe kubwa, mfano wa picha za magazeti, zinaonyesha mwili wa Ben ukivutwa kwa ndoano za nyama hadi kwenye rundo la kuni. Wengi hukosa sehemu hii kwa sababu YouTube imekwisha kuwapeleka kwenye video nyingine.

Vilevile taarifa za habari. Mtangazaji, orodha ya vituo vya uokoaji inayopita chini ya skrini, waandishi wakiwakimbiza wakubwa mjini Washington (Romero mwenyewe yumo kati yao): vyote vimepigwa na watu waliojua televisheni inavyofanya kazi, na bado vinaaminika kuliko matangazo ya bandia katika sinema nyingi za bajeti kubwa.

Ya 1990 inatoa nini

Romero alirekebisha hasa kile kilichochakaa. Barbara (safari hii kwa a tatu) anaigizwa na Patricia Tallman, na baada ya mshtuko wa mwanzo anavua miwani, anavaa suruali na buti alizozikuta ndani, anachukua bunduki. Ni yeye anayetambua jambo ambalo wanaume wanaobishana hawalioni: mazombi ni wapole wa mwendo kiasi kwamba mtu mwepesi anaweza kuyapita kwa miguu na kwenda zake. Na anafanya hivyo. Hoja hiyo moja inaubomoa mgogoro mzima wa juu na chini, na ndiyo sababu bora kabisa ya kuitazama filamu hii.

Tony Todd ni Ben mwenye uchungu zaidi na utulivu kidogo kuliko Jones. Ajali ya petroli imebadilishwa kidogo: Tom ndiye anayeipiga risasi kufuli ya pampu, na pampu inalipuka. Baadaye Ben, akiwa amejeruhiwa chini kule, anazikuta funguo za pampu zilizokuwa pale muda wote, na anacheka. Barbara anaporudi asubuhi na wenyeji, Ben ni zombi na anapigwa risasi. Harry, aliyejificha darini, anatoka akiwa mzima, na Barbara anamlenga kichwani.

Udhaifu wa 1990 uko kwenye kelele. Watu wanapigiana makelele tangu dakika ya ishirini hadi mwisho, na Harry wa Tom Towles hana hata chembe ya hoja, wakati Harry wa 1968 alikuwa na hoja sahihi mdomoni mwa mtu asiyependeka. Hilo limepunguza utamu wa mabishano. Kisha ilipunguzwa damu ili ipate daraja la R Marekani, yaani isiwekwe kwenye kundi la filamu za watu wazima pekee, kwa hiyo anayeifuata kwa sababu ya jina la Savini atashangaa ilivyo na adabu.

Imeandikwa pia kwa mtu anayeijua ya kwanza. Makaburini mtu wa kwanza anayewaendea kaka na dada akiyumba si zombi, na anayetishika hapo ni yule anayekumbuka zombi wa makaburini wa 1968. Mtoto mgonjwa anamng'ata mama yake badala ya kumchoma kwa mwiko, lakini damu inarukia mwiko ulioning'inia ukutani. Asiyeijua ya kwanza anapitwa na yote hayo.

Kwa nini nakala za 1968 ni nyingi na mbovu

Mkanda ulipokabidhiwa kwa msambazaji, Walter Reade Organization, ulikuwa na jina jingine, Night of the Flesh Eaters. Tangazo la hakimiliki lilikuwa kwenye fremu ileile ya jina. Jina lilipobadilishwa, fremu ikabadilishwa, na tangazo halikurudishwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, kazi iliyotolewa bila tangazo hilo ilipoteza ulinzi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1989 tu. Kwa hiyo filamu ikawa mali ya umma nchini mwake tangu siku ya kwanza, tarehe 1 Oktoba 1968, na mtu yeyote mwenye mkanda aliweza kuunakili na kuuza.

Matokeo yake ni nakala za nakala. Kila mara picha inaponakiliwa kwa njia ya kemikali au ya kanda za video za VHS, kijivu cha katikati hupotea: kilichokuwa cheusi kidogo huwa cheusi kabisa, kilichokuwa cheupe kidogo huungua. Katika filamu iliyopigwa usiku, yenye taa chache, kijivu hicho ndicho kilichobeba sura za watu. Ukikipoteza unabaki na macho mawili yanayoelea gizani.

Namna ya kuitambua nakala kwa dakika tano:

- Mwanzoni, gari likipanda barabara ya makaburini, mbingu iwe ya kijivu na majani ya miti yaonekane moja moja. Mbingu ikiwa nyeupe kama karatasi, acha.
- Ruka hadi chumba cha chini, wanapokuwa Harry na Helen. Unapaswa kuona ukuta nyuma yao.
- Picha iwe karibu na mraba, uwiano wa 1.37:1, yenye pau nyeusi kushoto na kulia. Ikijaza skrini pana, ama vichwa vimekatwa ama watu wamenenepeshwa.
- Urefu sahihi ni dakika 96. Nakala ya dakika 92 hivi kwa kawaida imetokana na mfumo wa televisheni wa Ulaya, PAL, unaoendesha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24. Sauti hupanda kidogo. Fupi kuliko hapo, imekatwa.
- Mistari inayochana kingo za kila kinachosogea ni dalili ya nakala iliyotoka kwenye video ya zamani.

Nakala ya kutafuta ni ile iliyokarabatiwa na jumba la makumbusho la MoMA la New York pamoja na The Film Foundation, kwa kuskani negativu, yaani mkanda wenyewe uliopita ndani ya kamera, kwa ubora mkubwa wa 4K. Ilionyeshwa 2016, na Criterion, kampuni inayotoa filamu teule kwa diski, wakaitoa kwa Blu-ray Februari 2018. Romero na wenzake waliisimamia kabla hajafariki Julai 2017. Sauti ni ya mono, yaani ya njia moja, kama ilivyokuwa. Usiibadilishe kuwa ya kuzunguka chumba (surround). Katika nakala hii kasoro za kweli zinaonekana wazi zaidi, unga usoni ukiwamo, lakini nazo picha zinaonekana: Romero alikuwa mpiga picha mwenye jicho, alipenda kuinamisha kamera na kuacha kivuli kikate uso. Kwenye VHS hujui hata kama alijaribu.

Zilizotiwa rangi, na ile ya 1999

Ya kwanza kutiwa rangi ilitoka 1986, kwa mkono wa Hal Roach Studios, mazombi yakiwa na ngozi ya kijani. Ya 2004, iliyofanywa na Legend Films, ina ufundi bora. Zote mbili zina kasoro moja isiyotibika: taa za filamu zilipangwa kwa ajili ya weusi na weupe, na shira ya chokoleti haikukusudiwa kuwa nyekundu. Ukimtazamisha mtu anayekataa kata kata picha isiyo na rangi, mpe ya 1990 badala ya hizi.

Toleo la 1999, linalouzwa kama la miaka 30, liepukwe. Russo alipiga matukio mapya, takriban dakika 15, akaondoa sehemu za zamani na kuweka muziki mpya. Bill Hinzman, aliyekuwa zombi wa makaburini, aliitwa tena akiwa na miaka 30 ya ziada usoni, na sasa tunaelezwa kuwa alikuwa mhalifu. Yaani mtu aliyekuwa anatisha kwa kuwa hana sababu amepewa sababu. Romero hakuhusika. Ukiona kasisi akihubiri mwishoni, umeingia humo.

Kwa ya 1990 kuna angalizo dogo: Blu-ray ya kampuni ya Twilight Time ya 2012 ilitiwa ubuluu na giza hata matukio ya mchana yakaonekana kama ya machweo. DVD ya zamani, pamoja na ukungu wake, inakaribiana zaidi na rangi ya sinema yenyewe.

Kuandaa televisheni, na mpangilio

Zima kipengele cha kulainisha mwendo. Kinaifanya filamu ya 1968 ionekane kama igizo la televisheni lililorekodiwa jana. Weka ukubwa wa picha kwenye 4:3 au «asili», kamwe si «jaza». Punguza rangi hadi sifuri kama televisheni yako inatia uzambarau kwenye weusi na weupe. Zima taa ya chumbani kabla ya kupandisha mwangaza wa skrini, kwa sababu mwangaza ukipanda sana weusi unageuka ukungu na kazi yote ya ukarabati inapotea. Kwenye simu, ya 1990 inavumilika; ya 1968 haivumiliki.

Mwenye jioni moja tu na anayetaka kujua kwa nini mazombi wa sinema wapo hivi walivyo, achague ya 1968 katika nakala ya Criterion au nyingine iliyotokana na ukarabati ule. Anayetaka kutishwa, na asiyejali historia, ya 1990 itamfaa zaidi, ila ajue mizaha yake mingine itampita. Kuzitazama zote mbili ndiko kunakolipa kuliko chochote, ya 1968 ikitangulia, na zisipishane zaidi ya wiki, maana nusu ya kazi ya 1990 ni kukupotosha kwa kutumia kumbukumbu zako.

Kuhusu watoto: mwaka 1968 mfumo wa madaraja ya filamu wa Marekani ulianza tarehe 1 Novemba, mwezi mmoja baada ya onyesho la kwanza Pittsburgh, kwa hiyo filamu iliingia kwenye maonyesho ya mchana ya watoto bila kizuizi. Mhakiki Roger Ebert aliandika mapema 1969 juu ya ukumbi uliojaa watoto waliokuwa wakilia. Uchache wa damu usikudanganye. Tukio la mtoto na wazazi wake chini kule linabaki zito, na katika picha safi ni zito zaidi.